Rafiki yangu askari alimkanyaga mtu aliyefungwa pingu, nami nilikuwa hatua tatu

Wakuu, heshima kwenu.

Haya niliyaona kwa macho yangu, sijasimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mmoja wao bado namhesabu rafiki, ingawa yeye alishanifuta kwenye simu.

Mimi ni mtu wa makamo, nina digrii, na huandika makala ndefu kuhusu haki. Wasomaji wangu ni mke wangu na bwana mmoja wa Njombe. Mke wangu huruka aya.

Huyo rafiki nitamwita Lusajo.

Tulisoma bweni Iringa, enzi zile maji ya kuoga asubuhi yanakata kama wembe na kila mtu anatafuta urafiki na wapishi ili aote moto jikoni. Jumapili tulitoroka kwenda kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa mama mmoja nyuma ya kanisa. Kurudi tunaimba nyimbo za kwaya, mwalimu wa zamu adhani tumetoka ibadani. Sijawahi kuimba vizuri kama nilivyoimba nikiwa na ulanzi tumboni.

Kidato cha pili sukari ya mtu ilipotea bwenini, wakanishuku mimi. (Nilichota juzi yake, siyo siku ile. Naomba ieleweke.) Wakanifunga mikono kwa shuka kwenye kitanda cha chuma, mikanda ikavuliwa.

Lusajo akaingia. "Mbona mmemfunga? Mnamwogopa?"

Akafungua fundo. "Haya, mwenye hamu ampige sasa."

Hakuna aliyepiga.

Baadaye mimi nikaenda chuo, yeye polisi. Miaka mingi ikapita, akahamishiwa kituo kimoja huku Usangu, nami nipo Mbeya mjini. Tukawa tunakutana siku za mnada. Ng'ombe wanauzwa, mbuzi anachomwa, sisi tunaikumbuka Iringa kama wazee waliostaafu.

Siku ya tukio nilikuwa kwenye benchi la mchoma nyama, namsubiri.

Askari wakamleta mfugaji mmoja, Lusajo akiwa nao. Mfugaji nitamwita Jilala, familia yake ilihamia huku kutoka Usukumani. Alituhumiwa kuingiza ng'ombe kwenye mpunga wa mtu na kumpiga mwenye shamba. Kama ni kweli, sijui hadi leo.

Alikaa chini kando ya gari la polisi, pingu mikononi, mikono ameilaza ardhini. Akasema kitu kwa Kisukuma, watu wakacheka. Lusajo, ambaye ni Mnyakyusa na hajui neno hata moja la Kisukuma, akaamini ametukanwa.

Akaweka buti juu ya pingu, akakanyaga. Mara mbili.

Jilala hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana mkubwa, mimi nimeshafungwa."

Nilikuwa hatua tatu, mdomoni nina ubavu wa mbuzi. Nikatafuna.

Lusajo akaja, akanawa mikono, akaketi. "Msomi, umenimalizia mbavu?"

Nikamsogezea sahani.

Mkono wa Jilala ulivunjika. Ili atibiwe ilihitajika PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na fomu inatoka kituo kilekile cha Lusajo. Ikaandikwa kwamba aliumia akikataa kukamatwa. Kaka yake hakubishana. Aliipokea, mtu akatibiwa, kisha kaka huyo akapanda gari hadi Mbeya kuwalalamikia wakubwa wa polisi.

Uchunguzi ukafunguliwa. Swali likawa moja: mkono uliumia kabla ya pingu au baada? Mchoma nyama akasema aliyekuwa karibu ni yule mzee wa miwani. Yaani mimi.

Jumamosi mchana Lusajo akaja kwangu na mfuko wa maparachichi. Tulicheka sana, ulanzi, kwaya, yote. Halafu akashusha sauti.

"Ndugu yangu, sema ulikuwa unakula, hukuona vizuri. Nina watoto watatu shuleni."

"Nilikuwa nakula. Lakini niliona."

"Mimi nilikufungua lile shuka."

"Ndiyo, Lusajo. Ulinifungua."

Akanitazama. "Kwa hiyo Msukuma wa mnadani ndiyo rafiki yako siku hizi?"

"Hata simjui."

Akaondoka bila kumuaga shemeji yake.

Natamani niwaambie nilisimama imara. Hapana. Niliandika maelezo ya kurasa mbili, ndani yake kuna "mazingira hayakuniwezesha kuthibitisha". Niliipenda sana hiyo sentensi. Mke wangu akayasoma yote, safari hii bila kuruka.

"Baba Neema, hapa uliona au hukuona?"

Nikayachana.

Mkaguzi aliyenihoji alikuwa mama mmoja mpole. Nikamwambia pingu zilikuwa tayari mikononi, mtu amekaa chini. Akaandika. Kisha akauliza, "Na wewe ulifanya nini?"

"Niliendelea kula, afande."

Akaandika na hilo, akanisomea, nikasaini.

Lusajo alifukuzwa kazi. Nasikia analima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Jilala mkono uliunga vibaya, hawezi tena kukamua. Siku za mnada sasa sina wa kukaa naye, na utani wa Iringa hauna ladha ukiusimulia kwa mtu ambaye hakuwepo.

Nilichojifunza ni hiki. Kwenye makala zangu nilikuwa nadhani uwajibikaji ni kazi ya wakaguzi na mafaili. Lakini siku ile, baada ya buti la kwanza, ningesema "Lusajo, acha, kafungwa huyo," angeninunia wiki moja. Leo Jilala angekuwa anakamua ng'ombe wake, na rafiki yangu angekuwa bado askari. Ukweli nilioutoa mezani kwa mkaguzi ulikuwa ukweli, ila ulifika umechelewa, na ukatuondolea wote kitu.

Wenye kunitukana, karibuni, ila kwa zamu.

Na kama humu kuna askari, au yeyote aliyewahi kumwambia mwenzake "acha" mbele ya watu, naomba aandike ilikuwaje. Alikusikia?