Prinsesi Kwenye Mitumbwi ya Kashikishi

Huko Pweto, upande wa Kongo wa ziwa, kabla ya vita, Ruffin alikuwa mtu wa brashi. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa na kunyooshwa kwenye fremu, na picha aliyoombwa kuliko zote ilikuwa ya mambamuntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu ambaye kuanzia kiunoni ni samaki. Sebule isiyokuwa na mambamuntu ukutani haikuhesabiwa kuwa sebule. Mgeni aliketi, akapewa maji ya kunywa, akaitazama picha, na mwenye nyumba akaanza kusimulia. Picha ilikuwepo kwa ajili ya masimulizi hayo. Hakuna aliyeondoka kabla hayajaisha. Kuondoka katikati ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kuinuka mezani na tonge mkononi.

Sasa Ruffin alikuwa amepita sitini, akiishi Mantapala, makazi ya wakimbizi ng'ambo ya pili ya ziwa, na mkewe aliyelima mihogo, na picha hazikuwa na mnunuzi. Watu wakikaa pamoja jioni, kila mmoja aliinamia simu yake. Ndiyo maana alipoletewa sanduku la sanamu ndogo za plastiki hakulikataa, ingawa moyo ulitaka kulikataa.

Aliyelileta ni Chouchou, mtoto wa dada ya mkewe, aliyekuwa akienda mpaka Nakonde, mpakani, kununua bidhaa zinazotoka Tanzania.

"Vieux, mzee wangu, angalia. Si ni ule mwanamuke wako wa zamani?" alisema, akimpa moja. "Iko na mukia."

Ruffin aliigeuza mkononi. "Huyu nani alimuchora? Jicho moja inaangalia Kongo, ingine inaangalia Lusaka."

"Batoto habaangalie macho. Banaangalia mukia. Uzisha tu."

Sanamu ilikuwa ya binti mfalme wa katuni ambayo kila mtoto wa wilaya ile ya Nchelenge alikuwa ameitazama kwenye simu ya mtu fulani. Watoto walimwita Prinsesi. Kila sanamu ilifungwa ndani ya pakiti isiyoonyesha kitu, na mikia ilikuwa ya rangi nyingi. Mpaka urarue pakiti ndipo ujue umempata yupi. Watoto walitaka kuwa na rangi zote. Walibadilishana, walinuniana, waliwapanga Prinsesi dirishani jinsi mama zao wanavyopanga vikombe vya wageni. Aliyetafutwa zaidi ni mwenye mkia wa kung'aa kama bati jipya, kwa sababu alipatikana kwa nadra.

Ruffin alipata meza katika soko la Kashikishi, karibu na ufuko wa ziwa. Kuuza uso uliopinda kulimtia aibu, kwa hiyo alichukua brashi yake nyembamba na kila Prinsesi aliyefunguliwa pale mezani akamrekebishia macho. Watoto walianza kusema kwamba Prinsesi wa yule mzee anakuangalia. Hilo lilimfurahisha kidogo, naye akaanza kufanya alichokuwa akikifanya zamani. Alisimulia.

Alisimulia kwamba mambamuntu huja ufukweni kuchana nywele, na mvuvi akiokota uzi wa nywele zake, mama huyo humfuata ndotoni, humfanya mume, na nyavu za mvuvi huyo hazirudi tupu tena. Pweto hata mtoto alijua kwamba hiyo ni nusu ya kwanza tu, na kwamba hadithi yenyewe iko mbele: mali inapojaa nyumbani, mama wa majini anaanza kuomba watu wa nyumba hiyo kama malipo. Lakini Kashikishi ni soko. Mtu alisimama, akasikia habari ya nyavu zilizojaa, akanunua, akaenda zake. Ruffin alibaki na nusu ya pili mdomoni. Mwanzoni aliwaita warudi. Baadaye aliona sanduku linapungua, akaacha kuwaita.

Hivyo wavuvi wakaanza kununua. Walimtaka yule wa mkia wa kung'aa, kwa kuwa mkia huo ukipigwa na mwanga wa taa usiku ulifanana kabisa na chisense, wale samaki wadogo wanaopanda juu kufuata taa za wavuvi. Walimfunga kwa uzi wa nailoni mbele ya mtumbwi. Mmoja wao alikuwa Kasonde.

Siku za soko Ruffin alilala kwa mama yake Kasonde, Rosaria, mjane wa Rabson. Rabson ndiye aliyemvusha Ruffin na mkewe ziwa mwaka 2017, wakati wengine walipoogopa kukaribia ng'ambo ya Kongo kwa sababu ya risasi, akawafikisha mpaka Kenani, kituo cha kupokelea wakimbizi, wala hakukaa kungoja shukrani. Rabson alikuwa amekufa, na mtoto wa kiume aliyebaki katika nyumba ile alikuwa Kasonde peke yake.

Ilikuwa Novemba. Desemba serikali hufunga uvuvi, na mvua za kwanza huleta pepo zisizo na ratiba. Wakati wa Rabson, wavuvi waliketi mchangani wakiangalia anga juu ya Kilwa, kisiwa cha ziwa lile, na aliyekuwa mkubwa wao asipoinuka, hakuna aliyeinuka. Sasa kila mwenye mtumbwi alikuwa mkubwa wa nafsi yake.

Asubuhi moja Rosaria alimkuta Ruffin akinawa uso uani.

"Ba Ruffin, nina neno. Wiki ile ya upepo, bengine bote balirudi. Kasonde hapana. Alirudi jua iko juu, bwato imejaa maji mpaka hapa." Alijigusa gotini. "Nikamuuliza, mwanangu, uliona benzako banageuka, juu ya nini haukugeuka? Akanionyesha ile mudoli yako. Anasema, mayo, usiogope, huyu iko na miye."

Ruffin alijifuta uso kwa upindo wa shati.

"Leo anaenda tena, na angalia mbingu. Miye hanisikie. Weye anakusikia. Ile maneno ilitoka mu kinywa yako."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo sababu Ruffin hakupata pa kujificha. Alasiri alifunga meza mapema, akamtia mfukoni Prinsesi wa mkia wa kung'aa aliyekuwa amebaki, akashuka ufukweni. Mawingu juu ya kisiwa yalikuwa meusi upande wa chini. Kasonde na wenzake walikuwa wakipakia taa na nyavu.

"Bashikulu, mzee wetu, umekuja kusalimia muke wangu?" Kasonde alisema, akiigonga-gonga ile sanamu kwenye pua ya mtumbwi. Wenzake wakacheka.

"Nimekuja kumaliza hadithi."

"Tuliisikia."

"Mulisikia kwenye mutu anapata mali, mukaenda. Iko ingine nyuma yake."

"Chisense haitungoje, bashikulu. Simulia huyu Prinsesi, yeye haina kazi."

Ruffin alianza hata hivyo. Alisema kwamba yule mume aliombwa mtu wa nyumba yake, akamtoa. Akaombwa wa pili. Lakini mmoja alikuwa amewasha muziki kwenye simu, mwingine alikuwa anaita taa ya tatu iletwe, na sauti ya mzee ilipotea humo. Akawatazama. Hawakuwa vijana wabaya. Hawakuwahi kufundishwa kuketi, basi.

Karibu na hapo mama mmoja alikuwa anakaanga mandazi kwa ajili ya wavuvi. Ruffin alimtoa Prinsesi mfukoni, akamwinua juu mpaka wote wakamwona, akamwingiza katikati ya makaa.

"Ni plastiki," alisema. "Mutazame bote. Ni plastiki kama ndoo."

Nywele ziliyeyuka kwanza. Kisha uso ukalegea, na yale macho aliyoyachora mwenyewe yakateremka mpaka kifuani. Moshi mweusi ulitoka, wenye harufu mbaya, ukaenda kuelekea majini. Mtu alizima muziki.

Nkonde, mzee pekee katika kundi la Kasonde, aliachia ubavu wa mtumbwi aliokuwa ameushika.

"Miye leo siendi."

"Juu ya nini?" Kasonde alisema. "Si amesema ni plastiki?"

"Nimesikia. Na nimeona amemuunguza mbele ya maji yake. Atakasirika. Tafuta mutu mwingine."

Mwingine akashusha taa yake. Wa tatu naye. Ruffin alifungua kinywa kuwaambia kwamba hawakumwelewa, kwamba alitaka kuwaonyesha hakuna kitu pale cha kutumaini wala cha kuogopa. Aliutazama mtumbwi uliolala mchangani, akakifunga kinywa chake.

"Umeniulia usiku wangu," Kasonde alimwambia. Wavu wa chisense hauvutwi na mtu mmoja. Habari ya moshi ule ilienea ufukweni, na usiku huo hakuna mtumbwi wa Kashikishi uliotoka.

Upepo ulikuja jioni, ukang'oa mabati ya kibanda kimoja, ukatulia. Wavuvi wa bandari nyingine walikuwa wameshatoka, na asubuhi walirudi, wamelowa, lakini wana samaki tele. Wake zao walianika chisense mpaka mchanga haukuonekana. Kashikishi hapakuwa na cha kuanika. Basi hakuna aliyeweza kusema kwamba Ruffin aliokoa mtu. Walisema aliwanyima riziki. Watoto walikatazwa kumkaribia, na wengine walitupa Prinsesi wao nyuma ya kanisa. Kamati ya soko ilimwomba, kwa heshima, aiachie meza.

Chouchou alikuja kulichukua sanduku alipeleke mjini Mansa.

"Vieux, maisha yote unachora ule mwanamuke, leo unamuchoma. Sawa. Lakini ungechoma wa bluu, bako bengi."

Nkonde hakukubali kupanda tena mpaka sanamu itolewe mbele ya mtumbwi, na Kasonde, asiye na namna, aliukata uzi. Siku ya tatu walitoka. Anga ilipobadilika, Nkonde akasema wageuke, wakageuka.

Habari hiyo Ruffin aliipata kwa Rosaria, alipokuwa akifunga mkeka wake kurudi Mantapala.

"Kasonde hasemi na weye," Rosaria alisema. "Hata miye anasema na miye kidogo. Lakini usiku ule balirudi bote pamoja."

Kasonde alikuwa uani, akishona wavu, mgongo ameuelekeza mlangoni.

"Nakwenda, Kasonde," Ruffin alisema.

Sindano iliendelea kuingia na kutoka katika matundu ya wavu. Ruffin hakurudia maneno yake. Alisimama akiyatazama yale mabega, mapana kama ya Rabson, yakipanda na kushuka kwa pumzi, mpaka Rosaria alipomkumbusha kwamba gari la Mantapala halingoji mtu.