Mkwezi wa Ghalani

Marijani alikuwa mkwezi wetu kule Mtoni. Kabla ya kuukwea mnazi alipaza sauti, "Napanda! Jistirini!" maana kutoka juu mtu anaona mpaka ndani ya mabafu yetu ya makuti yasiyo na paa. Wanawake tulijibu, "Panda!" ndipo akapanda.

Siku moja mwaka 1993 hakuita. Nilikuwa naoga. Nikainua macho, nikaona mwanamume angani, nikapiga yowe. Akaachia. Kile kishindo nakisikia mpaka leo. Nyonga yake iliyovunjika ilipona, lakini miguu ikaikataa minazi. Watu walipomuuliza, alisema kuti bovu lilimponyoka. Nami nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi, huku nina hasira naye. Kwa nini hakuita?

Miaka miwili baadaye, Fransis, kijana aliyesoma Ulaya, alikodi ghala la kampuni ya umma iliyokufa, pale Chang'ombe. Akajenga ndani ukuta wa mbao wa mita nne, akaupigilia vishikio, akatandika magodoro chini. Watu walipe, wapande kwa mchezo bila kamba, washuke. Wasomi nao wana mambo! Marijani akapata kazi ya kufagia, mimi nikapewa meza ya chai.

Fransis aliposikia kuwa mfagiaji wake alikuwa mkwezi, akataka awafundishe wageni.

"Mzee Marijani, Ijumaa nataka nikuone juu," alisema. "Ukishindwa namchukua mtu mwingine, na ufagio atashika huyohuyo. Siwezi kulipa wawili."

Ijumaa ikafika. Marijani alichota unga wa chaki kwenye kifuko cha kiunoni, ule wa kukausha jasho la viganja, akajipaka mpaka viwikoni.

"Kidogo tu, mzee!" Fransis akacheka. "Unakaanga samaki? Ukizidisha unateleza."

Akajipangusa. Jasho likatoka tena, akapaka tena. Akaweka mguu kwenye kishikio cha kwanza, akautoa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu nyoka wake nilikuwa mimi. Nilikuwa namimina chai, nikaimwagia meza.

"Godoro lipo, mzee. Unaogopa nini?"

Niliogopa kuliko yeye. Akishindwa, wanawe wanne watakula nini? Na akianguka tena mbele yangu, nitaishije? Nikajikuta naomba ashindwe tu, arudi nyumbani mzima.

Marijani akaweka kiganja ukutani, akavuta pumzi, akapaza sauti yake ya zamani:

"Napandaaa! Jistirini!"

Vijana wawili waliokuja kujifunza wakaangua kicheko. Ndani ya ghala kuna bafu la nani? Fransis naye akacheka. Marijani hakucheka wala hakugeuka. Alibaki pale pale, kiganja ukutani, anangoja.

Nikafahamu anamngoja nani. Kumbe miaka yote miwili alijua yowe lilikuwa la nani, na hakumwambia mtu. Kumjibu ni kukiri. Kunyamaza ni kumwacha asimame hapo mpaka kazi imtoke.

"Panda, kaka Marijani," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Nimejistiri."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka mguu, kisha wa pili. Mbao zikalia chini ya uzito wake. Nilimtazama mpaka juu kabisa, mdomo nimeuziba kwa mikono miwili.