Kofia ya Idd Iliyokwenda Msituni

Sijapata kuona mwanamume asiyejua kutoa zawadi kama mume wangu. Wanawake wenzangu wa Quiterajo, kijiji chetu cha pwani, waliletewa leso, waliletewa udi, mmoja aliletewa hata kioo chenye fremu ya mbao. Mimi, mwezi wa tatu baada ya harusi, niliitwa ukumbini kwa sauti ya mtu mwenye jambo kubwa, nikaambiwa nifumbe macho, nikawekewa kiganjani kastabini. Ndiyo, kastabini, ile ya kuvaa kidoleni usijichome na sindano. Alikuwa ameikata mwenyewe kutoka kwenye kipande cha bomba la shaba, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa.

"Wenzangu wanavikwa nguo," nilimwambia, "miye navikwa kidole."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilinuna siku tatu, tena kununa kwa kweli, kwa kumwekea chakula na kugeuka. Siku ya nne niliivaa ile kastabini ili nimwonyeshe kwamba hainitoshi. Ikanitosha sawasawa, kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Mimi ni mtu wa shoto. Nilichapwa kwa ajili ya mkono ule tangu utotoni, na mama mkwe wangu hakuniruhusu kupakua chakula mbele ya wageni. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kwa kuufikiria mkono huo. Yeye alikuwa amekaa kimya jioni baada ya jioni akiangalia ni kidole gani ninachokinyonya baada ya kujichoma.

Basi nilimaliza kununa, ingawa sikumwambia kwa nini.

Kwa upande wangu nilijiona bingwa wa zawadi. Kwetu ilikuwa desturi mke aufunge mwezi wa Ramadhani akiwa na kofia mikononi, aidarizi vijitundu kwa vijitundu, na asubuhi ya Idd mume atoke nayo mpya kwenda kuswali. Wanawake walisimama milangoni wakikagua vichwa vya waume za watu. Kofia ilikuwa nyeupe, na uzi wake mweupe, na sifa yote ilikuwa katika huo weupe: aliyeshona vizuri, ua lake lilionekana kwa kivuli tu. Kichwa cha mume wangu nilikijua kwa vidole. Nyuma ya sikio la kulia kilikuwa na bonde dogo, na kofia za dukani zilimwinukia upande huo. Zangu hazikuinuka.

Kisha vita vya kumwondoa Mreno vikafika kwetu. Siku moja alfajiri mume wangu aliniambia anakwenda Tungue kumtazama mjomba wake mgonjwa. Mjomba huyo alikuwa ameshakufa, na wote wawili tulijua kwamba nilijua. Nilimfungia mkate wa muhogo. Aliniambia nisimnunie. Nilimwambia nitanuna nikipenda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho, na nimeyarudia mara nyingi kuliko sala.

Baada ya hapo tropa, askari wa Kireno, walitutoa majumbani mwetu, wakatupanga safu safu kando ya barabara na kutuzungushia seng'enge, ili tusiwalishe wapiganaji. Kwenda shamba kulihitaji guia, karatasi yenye mhuri, na sipai, askari wao mweusi wa getini, aliisoma kwa makini kila asubuhi ingawa kila mtu alijua kwamba hajui kusoma. Niliishi na mama mkwe wangu katika kibanda ambacho ukipiga chafya, jirani anakuombea. Hata hivyo tuliwalisha. Shambani kwangu, chini ya mkorosho wa mpakani, niliacha kikapu cha unga na ndani yake chumvi, na binti mmoja wa Kimakonde kutoka upande wa Awasse alikuja kukichukua. Alikuwa Mkristo, mwembamba, mwenye shingo ngumu ya mtu aliyebeba mizigo mingi. Kikosi alichokibebea vitu ndicho kilichokuwa na mume wangu. Alinijulisha hali yake kwa maneno machache: mzima, anakohoa, amepona, anakusalimu.

Ramadhani ilipoingia nikaamua kwamba mume wangu hatakwenda Idd kichwa wazi, hata kama yuko msituni. Kitambaa cha maana hakikuwepo dukani, basi nikakata shuka yetu ya harusi. Uzi nao niliufumua kwenye pindo la shuka hiyohiyo. Nilishona mchana nikiwa na njaa, kastabini kidoleni, na mama mkwe, ambaye alikuwa hajausamehe mkono wangu wa kushoto, akawa ananishikia taa jioni bila kuombwa. Nilipomaliza niliifua kwa buluu ya kung'arisha nguo mara tatu, nikaitia wanga wa muhogo, nikaianika kwenye jua kali. Ilitoka nyeupe ya kuumiza macho. Kusema kweli nilijisifu. Niliifunga kwenye jani la mgomba, nikaifukia ndani ya unga, na binti yule akaondoka nayo bila kujua amebeba nini.

Aliporudi, Idd ilikuwa imepita. Aliketi kidogo chini ya mkorosho, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaanza kulalamika kama mtu aliyechoka anavyolalamika, bila kumlalamikia yeyote.

"Huko dada hatuanikii nguo juani. Tunaanika chini ya miti, zinanuka uvundo. Ndege za Mreno zinatafuta weupe tu. Sufuria lenyewe tunalipaka masizi. Wiki iliyopita mama mmoja alitandika kanga yake nyeupe ampumzishe mtoto. Hatukupata hata cha kuzika."

Nilimuuliza kama alifikisha kikapu. Akasema alifikisha. Nilimuuliza kama alimwona mume wangu akikifungua. Akasema hapana, yeye hukabidhi mzigo na kulala. Nilitaka kumwambia, "Rudi sasa hivi, mwambie aitupe," lakini alikuwa ameshainuka, na mbali tulisikia sauti za tropa barabarani. Alijitwisha kikapu, akaingia porini. Sikumwambia. Neno moja tu, kofia, na halikunitoka. Nilisema moyoni nitamwambia mara ijayo.

Mara ijayo haikuwepo. Ndege zilipita juu yetu siku ile na siku zilizofuata, zikielekea ndani, na kila iliyopita niliihesabu kuwa yangu. Kikapu kilikaa chini ya mkorosho mpaka unga ukaingia wadudu. Baada ya miezi kadhaa alikuja mwanamke mwingine, nisiyemjua, akasimama karibu nami akijifanya anapalilia.

"Mumeo hayupo tena," alisema. "Ilikuwa ndege."

Nilimuuliza ilikuwaje. Alisema hakuwepo, ameambiwa tu, akaondoka.

Nilirudi kibandani nikamwambia mama mkwe. Alilia mpaka alipochoka. Kisha akanishika mkono, ule wa kushoto, akaupapasa.

"Mwanangu, weye umemtendea. Angalau alikuwa na kofia yako kichwani."

Alisema hivyo kunifariji. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya kibanda, na mama mkwe akadhani ni huzuni. Alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja kutupa pole: kijana wangu amekufa na kofia ya mkewe kichwani. Watu waliitikia, wakanitazama kwa heshima. Mimi nilikaa jamvini nikiwaza buluu. Mara moja ingetosha kabisa. Ni nani aliyenituma kuifua mara tatu?

Ndipo nilipoanza kukiona kile kitu cheupe. Kwa kawaida ilikuwa alasiri, nikiwa nimeinama napalilia, mwisho wa shamba kati ya mikorosho, kwa urefu wa kichwa cha mtu. Kilikuwa hakiji wala hakiondoki. Mara ya kwanza nilifikiri ni yangeyange aliyetua tawini. Nilitupa jembe nikaenda, na nilipofika hapakuwa na ndege wala mtu, ila majani na joto. Niliporudi kwenye jembe kikawa kipo tena. Sikuogopa. Ningekuwa mwongo nikisema niliogopa. Nilimwomba mume wangu msamaha kwa sauti, nikiwa nimesimama, kisha nikaendelea kupalilia kwa kuwa guia yangu ilikuwa inakwisha saa kumi na moja.

Mambo yakawa hivyo miaka. Vita vikaisha, seng'enge zikang'olewa na watu wakazichukua kuzungushia bustani. Tulirudi Quiterajo, tukajenga upya, na shamba langu likabaki lilelile. Mama mkwe alifariki akiwa bado ana fahari yake ya ile kofia, na sikumpokonya. Sikushona tena. Waliponiletea kofia za maarusi niliwaambia macho yangu yameharibika. Kastabini niliitia kwenye kopo nikaliweka juu ya dari. Na alasiri nilikwenda shamba, kukiwa na kazi na kusipokuwa na kazi, kwa sababu alikuwepo.

Binti wa Awasse alinijia siku ya Ijumaa asubuhi, nikiwa napepeta mchele. Hakuwa binti tena. Alikuwa anachechemea, amenenepa, na mgongoni ana mtoto. Nilimtambua kwa shingo. Alieleza kwamba tropa walifunga njia ya kuja shambani kwangu, na baada ya miezi bomu likamvunja mguu, akabebwa kuvushwa Ruvuma, akakaa huko hospitali na kisha kambini mpaka vita vilipokwisha, na baada ya hapo alikuwa akiniulizia kwa kila aliyetoka pwani. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa kitu cha kahawia kilichokunjwa, akanipa kwa mikono miwili.

Sikukitambua. Nilidhani ni kipande cha gome.

"Dada, ni kofia yenu."

Niliikunjua. Ilikuwa na rangi ya shina la mti, nyekundu kidogo penye mikunjo. Uzi ulikuwa umeshika rangi kuliko kitambaa, hivyo ua langu, lile ambalo lilikuwa halionekani ila kwa kivuli, sasa lilisimama wazi kila jani.

"Ilikuwa hivi lini?" niliuliza. "Siku ile ilikuwa na rangi hii?"

"Siku ipi?"

"Siku ya ndege!"

"Tangu nilipotoka kwako mara ya mwisho," alisema. "Nilifika nikakuta mkubwa wa kikosi anamwambia aichome moto. Akakataa. Akamenya magome, akayachemsha kwenye sufuria la watu wote, akaitumbukiza. Tulikula uji mwekundu siku mbili, kila mtu anamtukana. Yeye anacheka tu. Akaivaa mpaka mwisho, miezi mingi. Siku yenyewe alikwenda mtoni kuoga, akaitundika tawini. Ndege ilipiga mtoni, dada. Kulikuwa na watu sita majini. Kofia niliikuta pale pale kwenye tawi."

Nilimkasirikia. Sijui kwa nini yeye, mtu aliyeibeba kwa mguu uliovunjika na kuvuka nayo mto. Nilimwuliza kwa nini hakuleta mapema, nikamwambia hajui amenifanya nini, mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Alimshusha mtoto, akambembeleza. Kisha nikampikia wali na samaki, na nikamwaga mchuzi mara mbili.

Alipokuwa anakula ndipo nilipoona pembeni mwa kofia, nyuma ya mahali pa sikio la kulia, tundu lililozibwa. Mishono ilikuwa mikubwa, mibaya, imekimbiana. Yangu yote hulalia upande mmoja, kwa kuwa nashona kwa shoto. Hii ililalia upande wa pili.

"Hiyo aliishona yeye," alisema mgeni wangu. "Ilichanika kwenye miiba. Aliniomba sindano. Nikamwambia lete nikushonee, akakataa. Alisema, 'Nikirudi na tundu, ataninunia siku tatu.'"

Hapo nililia, mbele ya mgeni, na mkono wa kushoto mdomoni. Mwanamume ambaye alikuwa hajui kutia uzi kwenye sindano alikaa chini ya mti, ndege zikipita juu, akanishonea mimi. Na mimi miaka yote ile nilikuwa nimemvika kichwani ile kofia nyeupe na kumwua nayo kila alasiri.

Aliondoka kesho yake kwa lori la kurudi Awasse. Nilimpa leso yangu nzuri kuliko zote. Nilishusha kopo, nikaivaa kastabini, nikakaa na kofia mapajani. Niliupapasa ule mshono wake mbovu mpaka nikaujua, na sikuurekebisha.

Alasiri nilikwenda shamba kumwambia. Nilisimama mahali pangu pa siku zote, nikatazama mwisho wa mikorosho. Hapakuwa na kitu. Nilingoja mpaka jua likashuka. Kesho yake hivyohivyo, na tangu hapo hivyohivyo, mpaka leo ambapo magoti yangu hayanifikishi mpakani. Jirani zangu wanasema nimetulia. Wanasema habari ile iliniponya, na pengine ni kweli, maana nalala usiku na chakula kinapita.

Lakini zamani nilijua mahali pa kumtazama. Sasa amevaa rangi ya magome, na shamba langu lote ni magome. Natazama shina hadi shina, kila moja laweza kuwa yeye, na hakuna linalogeuka. Ile kofia haikumwua, namshukuru Mungu kwa hilo. Na Mungu huyohuyo anisamehe, kuna alasiri natamani angeiacha nyeupe, nimwone.