Maswali ya Bibi Kabla ya Palermo

Siku ile ya Ijumaa, alipokuja kula kwetu Bi Karmela wa Palermo, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ya harusi yangu nilipambwa nikafumbishwa macho, sikuona kitu. Hii niliiona yote, kwa sababu nilikuwa nagombania nafsi yangu.

Mwanangu, umekuja mpaka huku Mawaleh, Maskati, kuniaga, ahsante. Tiketi ya Italia umenionyesha, na picha kwenye simu umenionyesha, mnara uliopinda na mji uliojengwa majini. Mazuri, wallahi. Sasa iweke hiyo simu chini, maana mimi nikizungumza na mtu napenda anitazame usoni. Miye nilikwenda Italia kabla hujazaliwa, na nilikaribia sana kutokwenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nachora ramani katika ofisi moja pale Al Khuwair inayoshughulikia ngome na nyumba za kale. Ofisi ikapata nafasi moja ya skuli ya ukarabati, mwaka mzima, Palermo, kisiwani Sisili. Kule wanafundisha namna ya kuponya kuta za zamani kwa chokaa badala ya kuzipaka saruji ikaziua. Kati yetu sote nikachaguliwa mimi. Siku hizo msichana kwenda peke yake Ulaya haikuwa habari ndogo. Baba yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu, akasema, "Akikubali mama, na mimi nimekubali." Akajitoa hivyo, akenda zake msikitini.

Mama yake ndiye bibi yangu, Bi Shemsa. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, na nyumba nzima ikimwogopa. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati mtu mzima na watoto wake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdanganya kuhusu safari. Nikamkuta anachambua mchele. Nikajitayarisha kama naingia mtihani, nikaanza. Nikamweleza Warumi na uwanja wao wa mviringo, nikamweleza mlima uliotema moto ukaufukia mji mzima na watu wake. Nikamwambia Italia ilikuwa vijinchi vijinchi, kila kimoja na mkubwa wake, haikuwa nchi moja mpaka karne ya kumi na tisa, ndiyo maana mpaka leo mtu wa kaskazini na wa kusini hata chakula hawapatani. Nilisema mpaka koo likakauka.

Bibi akapuliza makapi. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Umenipa mawe na wafalme waliokwisha kufa. Hebu niambie, mgeni akiingia kwao hupewa nini kwanza? Mtu akifiwa, majirani hufanya nini? Chakula kikisha, watu hunyanyuka au hukaa?"

Vitabu nilivyosoma havikuwa na mambo hayo.

"Basi unataka kwenda kulala katika nyumba za watu usiowajua," akasema. "Huendi, Asila."

Wee mwana! Nililia mpaka macho yakavimba. Jumamosi ofisi ilikuwa inataka jibu, ama mimi ama mwengine, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Lakini nilipokwisha kulia nikanawa uso, nikajiambia kitu kimoja: Bibi hakusema Italia ni mbaya. Kasema siijui. Kisichojulikana huulizwa, na miye mdomo ninao.

Bi Karmela alikuwa mke wa mhandisi mmoja, akikaa ghorofa ya tatu karibu na ofisi yetu, naye ndiye aliyekuwa akinifundisha Kitaliana. Mwenyewe kwao ni Palermo, na ilikuwa imeshakubaliwa kwamba nikenda nitakaa kwa mama yake, mjane mwenye chumba cha ziada. Nikamwendea baada ya kazi, siku mbili mfululizo, nikamwuliza mambo mpaka akacheka. "Hii si sarufi," akaniambia.

Nikajifunza, mwanangu, na haya ya kwako pia, yatie kichwani. Kahawa yenye maziwa ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana watakutazama kama umeomba uji harusini. Adhuhuri kule kusini maduka mengi hufungwa, watu wakenda kula na kulala, sawasawa na sisi huku. Ukiingia kanisani kutazama michoro, funika mabega. Na Palermo hiyo waliitawala Waislamu zaidi ya miaka mia mbili. Machungwa na ndimu na miwa ilikwenda na watu hao, na chini ya mji mpaka leo ipo mifereji ya maji iliyochimbwa kama falaji zetu za Nizwa. Niliposikia hilo mwili ulinisisimka. Nikamwambia Bi Karmela, "Haya yote nikimwambia Bibi atasema ni mawe tena. Njoo umwambie wewe."

Bibi nilipomwomba, akakubali papo hapo. "Mlete Ijumaa," akasema, "nimwone anavyokula."

Ijumaa ikafika. Tulikaa upande wa wanawake: Bibi, mama yangu, jirani yetu Bi Moza, na Shangazi Raya, dada yake baba. Shangazi huyu, Mungu amrehemu, alinipenda, lakini alikuwa ameshaapa kwamba safari ile haitakuwa. Alikuwa na mchumba kanitafutia, kijana wa mji wa Sohar, na kwa hesabu zake mwaka mmoja Ulaya ungeharibu kila kitu. Hakusema sana siku ile. Alikuwa anatengeneza sahani na kunitazama kwa pembe ya jicho, na miye nikaingia hofu.

Bi Karmela akakaa chini na sisi, akakunja miguu kwa tabu, akala pilau kwa mkono kwenye sinia moja na Bibi. Wali ulimmwagikia kwenye sketi yake nzuri wala hakujali. Bibi akamsogezea mnofu upande wake. Hiyo ni dalili njema, nikapumua kidogo. Miye nilikuwa mkalimani: Kiswahili kwa Bibi, Kitaliana changu cha kubabaisha kwa mgeni. Lakini walikuwa bado kwenye habari za watoto na hali ya hewa. Kwetu mtu hamwingilii mgeni na jambo zito na huku chakula kiko mkononi. Linangoja kahawa.

Halua ikaletwa, kahawa duru ya kwanza ikapita. Nikaona Bibi anajiweka sawa, anataka kuuliza. Hapo hapo Shangazi Raya akaingia na chetezo, udi unafuka.

Wewe umezaliwa huku, unajua maana yake. Udi kwetu ni wa mwisho. Ukisha kupita, mgeni hunyanyuka, akashukuru, akenda zake, na hapana mazungumzo tena. Mama yangu akaanza kujifunga shela bila ya kufikiri. Bi Moza akasimama kabisa. Shangazi akamfukiza mgeni kwa heshima zote, huku akinitupia jicho, kama ananiambia, imekwisha hiyo. Ujanja wake ulikuwa mzuri, hata leo namvulia kofia.

Ila Bi Karmela hakujua hata moja. Kavuta moshi kwa raha, kasifu harufu, kaegemea mto, kanyoosha miguu. Akashika kikombe chake, akatazama huku na huku nani atamtilia kahawa nyengine. Watu watatu wamesimama juu yake, yeye kakaa.

"Hana adabu huyu," Shangazi akasema kwa Kiswahili, taratibu. "Na kwa mama yake ndiko mnakotaka kumpeleka mtoto."

Mwanangu, hapo ningeweza kumnong'oneza mgeni anyanyuke. Angenyanyuka, angeondoka na heshima yake, na Jumamosi nafasi yangu angepewa mwengine. Msichana kumjibu shangazi yake mbele ya mgeni na jirani halikuwa jambo jepesi nyumbani kwetu. Nikakaza roho.

"Bibi," nikasema, "uliniuliza, chakula kikisha kwao watu hunyanyuka au hukaa? Hukaa. Hukaa mezani mpaka alasiri, wakazungumza. Mtu akinyanyuka mara tu akisha kula, mwenye nyumba huona kachukizwa. Udi hajui maana yake. Huyu kakaa kwa kukuheshimu wewe."

"Sema kweli," Shangazi akanirukia. "Wewe unaogopa tu usije ukaambiwa huendi!"

"Ndiyo, shangazi, naogopa. Naogopa sana. Lakini nnalosema ni kweli vilevile."

Bi Karmela katutazama mmoja mmoja, keshajua pana jambo. Bibi akanitazama, akamtazama binti yake. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ndogo, "Raya, toa chetezo. Lete kahawa nyengine. Moza, kaa kitako mwanangu, utachoka."

Wakakaa! Na Bibi akaanza kuuliza. Akiuliza yeye, natafsiri; anajibu mgeni, natafsiri. Mtu akifiwa kwenu? Bi Karmela akasema jiko la wafiwa haliwashwi, majirani huleta vyakula. Bibi akaitikia kwa kichwa. Nguruwe? Hapo Bi Karmela hakuficha. Akasema mama yake hupika mara mojamoja, lakini atamnunulia Asila sufuria yake na kisu chake, na samaki Palermo ni wengi kuliko nyama. Shangazi akataka niulize, na mtoto akikataa kurudi je? Swali lilinichoma, lakini nikalitafsiri lilivyo, sikulipunguza neno.

Bi Karmela akaweka kikombe chini. "Mama yangu aliniuliza hilo hilo nilipokuwa nakuja Maskati," akasema. "Akaniuliza, ukiugua huko kwa watu, nani atakupikia? Sikuwa na jibu. Mwaka wa nne huu naye kila nikimpigia simu huniuliza, na mpaka leo sina jibu." Macho yakamjaa machozi. Na mimi nikashindwa kutafsiri neno la mwisho. Haikuhitaji. Bibi alikuwa ameshafahamu.

Akamshika mkono. "Mwambie mama yake," akaniambia, "kwamba mtoto wake akiugua, Shemsa atakwenda mwenyewe Al Khuwair na sufuria ya uji. Na hiyo ghorofa ya tatu nitaipanda." Nikatafsiri huku nalia, na Bi Karmela akazidi kulia, na mama yangu naye, na Bi Moza ambaye hata halimhusu. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa macho makavu, lakini kahawa ya mgeni aliitia kwa mikono miwili, kwa heshima.

Bibi akafuta uso wake kwa ncha ya kanga. "Jumamosi," akasema, "kawaambie ofisini kwenu unakwenda."

Nikenda. Wiki ya kwanza nilitaka kurudi, sikufichi. Baridi, lugha inanikimbia, kila kitu kigeni. Mwisho wa wiki homa ikanishika, na yule mama mjane akanikalia kitandani na supu yake, ananigombeza kwa lahaja ya Sisili ambayo sikufahamu nusu yake, na mkono wake hautoki kwenye paji la uso wangu. Nilipopona nikaishika ile skuli kwa mikono miwili, nikaimaliza, na kuta za ngome nilizozitia mkono huku nyumbani zimesimama mpaka leo.

Sasa sikiliza, mwanangu, haya ndiyo nnayokupa. Kazitazame hizo nguzo na hayo makuba, ni halali yako, na zisome habari zao vizuri, nchi ile ina mengi. Lakini usirudi na picha za mawe peke yake. Jua anavyokaa aliyekupokea, anavyokula, anavyolia. Ukiona kitu ukadhani ni utovu wa adabu, uliza kwanza. Na kama kuna jambo unalitaka la haki, lisimamie mbele ya wakubwa zako kwa heshima na kwa ukweli, hata ukiwa unatetemeka. Bibi aliniambia baadaye kwamba alinipa ruhusa pale nilipokiri kuwa naogopa, maana mtu anayesema kweli nyumbani ataisema na ugenini.

Nenda, Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya watu wema na akufungie ya wabaya. Akupe afya, akulainishie ulimi, akulindie dini yako, na akurudishe mikononi mwetu ukiwa mkubwa zaidi ya ulivyoondoka. Na mama yeyote utakayefikia kwake, mwambie na yeye ana watu Mawaleh.