Pale Kwenye Sifuri

Siku ile tulikuwepo hawa: mwalimu wa hisabati, mkaguzi aliyetoka wilayani, mwalimu mkuu, darasa la sita zima pamoja na mdogo wangu wa kiume, mbuzi wa jirani yetu, na mimi, ambaye sikuwa na kazi pale. Nimewakumbuka wote kwa sababu juzi mjukuu wangu alitandaza daftari lake la miraba hapa nyumbani Maili Moja, akalalamika, "Bibi, hizi jira za nukta zinanichanganya." Nami nikajikuta nimesimama tena kwenye uwanja wa shule kule Marui, pekupeku, mchanga umeanza kuwaka jua.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watoto wengi kuliko madawati. Baba alitangulia mbele ya haki, mama akafuata, na mimi niliyekuwa mkubwa nikaishia darasa la tano ili wadogo zangu watatu wasome. Nililima, nikatwanga, nikapika kisamvu, kwa nazi siku ambazo nazi ilipatikana. Lakini kila nikienda shamba nilipita njia ya shuleni, ingawa ilizunguka, nisikie kengele yao ya rimu ya gari ikigongwa na watoto wakiimba tebo za kuzidisha.

Mwalimu wa hisabati alikuwa binti mdogo, aliyepewa darasa kabla hajamaliza mafunzo yake. Mkaguzi alikuja kumpima. Kijiji kizima kilijua kwamba akishindwa ataondolewa, na wale watoto watafika mtihani wa la saba bila mtu wa kuwafundisha hesabu. Kwangu hilo halikuwa jambo dogo. Jembe langu lote lilikuwa kwa ajili ya mdogo wangu kuufikia mtihani ule.

Asubuhi hiyo nilipita na mzigo wa pingili za muhogo kichwani, mbegu ya msimu. Mwalimu alikuwa amewatoa watoto nje, amechora mistari mchangani, ya wima na ya mlalo, mpaka uwanja ukawa kama daftari la miraba.

"Nukta ya tatu, mbili," alimwita mdogo wangu. "Tatu kuelekea barabarani, mbili kuelekea mkorosho. Kasimame."

Akaenda kwa kujiamini, akakanyaga mstari wa kwanza kabisa na kuuhesabu moja. Akaishia pasipo pake. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu. Walihesabu kama sote tulivyohesabu shambani: ukipewa ngwe ya kupalilia, shina la kwanza ndilo moja, hakuna anayepalilia sifuri. Mkaguzi akainamia karatasi yake. Mwalimu mkuu akaanza kukohoa.

Mwalimu akageuka, akaniona. "Wewe dada, tua mzigo. Njoo usimame hapa kwenye pembe." Nikatua. "Huyu ndiye sifuri. Hamumhesabu. Mnaanzia kwake."

"Jamani, dada yake kapewa sifuri!" mtundu mmoja akapaza sauti. Darasa likaangua kicheko. Mdogo wangu akakunja ngumi.

"Haya, wewe," mwalimu akamwambia yule mtundu, "nitafutie nne, moja bila yeye. Dada, toka kidogo."

Mtoto akazunguka, akatazama pembe hii na ile. "Nianzie wapi sasa, Mwalimu?"

"Si umemcheka?"

"Basi arudi!"

Hata mkaguzi alicheka. Nikarudi, wakahesabu kutoka miguuni pangu, na kila mmoja akafika kwake.

"Sasa nionyeshe kuhamisha umbo," mkaguzi akasema.

Mwalimu akamfungua mbuzi wa jirani yetu, aliyefungwa kwenye mkorosho, akachukua kamba yake na kuwashikisha watoto wanne, mdogo wangu mmojawapo, ikawa mraba. Mbuzi akaenda moja kwa moja kwenye pingili zangu, akaanza kutafuna maganda, nami siwezi kuondoka, maana mimi ni sifuri. "Wote, mbili barabarani, moja mkorosho. Tembeeni!" Wakatembea. Kamba haikulegea wala haikukaza.

"Umbo limeharibika?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Limefanya nini?"

"Limehama!"

Nikaifikiria nyumba yetu ya zamani, na sisi wanne tuliohamia kijijini bila baba wala mama, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Nikanyoosha mgongo pale kwenye sifuri kama askari wa gwaride.

Mwalimu alithibitishwa kazini. Mdogo wangu alichaguliwa kwenda sekondari, na amestaafu akiwa mpima ardhi. Kwa ajili ya zile mbegu zilizoliwa, mwalimu alinifundisha jioni, mimi nikichambua mchele, yeye akichora chini kwa kijiti. Siku alipohamishwa shule aliniambia, "Mbegu zako nimelipa. Sasa wewe ndiye mwenye deni langu: umalize la saba." Nikamwitikia, "Nitamaliza, Mwalimu."

Uwanja ule sasa una majengo, mkorosho umekatwa, na rimu sijui iko wapi. Wadogo zangu wana vyeti, watoto wao wana vyeti, na huyu mjukuu juzi alielewa jira kwa punje za maharage juu ya mkeka. Wote wamehesabu kutoka kwangu, nami najivuna. Lakini mwalimu bado ananidai la sita na la saba.