Nilisema Kichwa cha Treni cha Dada Yangu ni Feki

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mama yangu yuko hai na simu siku hizi ziko kila nyumba. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nimeoa, naishi Tabora mjini. Wa kunitukana anitukane tu, ila asome mpaka mwisho.

Marehemu baba alikuwa fundi wa karakana ya reli. Akiwa kijana, Mzungu mmoja aliyekuwa msimamizi wake alimwachia kichwa cha treni cha kuchezea, cha bati, cheusi, cha kutia ufunguo. Baba alikuwa akijisifu nacho kwa wageni na alikuwa na msemo wake: "Nilipewa kimoja tu, na nimempa damu yangu." Mimi nilikuwa navimba kichwa, maana kilikaa kwenye kabati la vyombo la mama, na nilikua peke yangu, sina kaka wala dada.

Ufundi ukanifuata na mimi. Miaka tisa nilikuwa Dar kwa mzee mmoja anayekusanya treni za kuchezea za zamani, akanifundisha kutambua ya kweli na ya kuigiza. Unatazama mfereji wa skrubu, ukikuta rangi imejaa humo ujue imepakwa upya. Unatazama vidole vya bati vinavyoshikilia mwili, vilivyowahi kufunguliwa vina ufa kwenye kunjo. Unatazama kama magurudumu yamechakaa sawasawa na mwili. Niliporudi Tabora ukoo mzima ukaamini kwamba kwa vitu vya zamani jicho langu halikosei.

Baba alifariki mwaka jana, tukamzika Kwihara kwa wazee wake. Siku ya kumaliza matanga tulikuwa nyumbani mjini, akaingia mwanamke mdogo kwangu kidogo, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku. Akapiga magoti mbele ya mama, akasema shikamoo. Mama hakuitikia. Mwanamke akaeleza kwamba ametoka Usoke, kwamba mama yake ni marehemu, na kwamba baba alikuwa akifikia kwao enzi za kwenda kutengeneza njia ya reli. Hataki nyumba wala shamba. Anachoomba ni kuhesabiwa kati ya watoto wa marehemu, na wanawe wajue ukoo wao. Kisha akafungua khanga, na ndani mlikuwa na kichwa cha treni kama chetu.

Baba mkubwa, kaka yake baba aliyekuwa anaongoza kikao, akakumbusha ule msemo. Kama kilikuwa kimoja tu, basi mmoja hapa ni mwongo. Akaniambia nivikague vyote viwili, wote wasikie.

Nikavipeleka dirishani. Cha yule mwanamke kilikuwa cha kweli, wala hakikunichukua dakika mbili: skrubu safi, vidole havijaguswa, magurudumu yamelika kwa umri wake. Chetu sikuwahi kukikagua maisha yangu yote, nani angethubutu kugusa kabati la mama? Nikachungulia tumboni. Bati lilikuwa la debe la mafuta ya kupikia, maandishi bado yanasomeka. Rangi nyeusi ilipobanduka kulikuwa na kijivu kilekile baba alichokipaka kitanda changu cha utotoni. Nikaelewa palepale. Cha kweli alikipeleka Usoke mwanawe alipozaliwa, akatengeneza hiki kwa mikono yake ili mama asione pengo kabatini.

Nikainua macho, nikakuta mama ananitazama.

"Chetu ndicho cha kweli," nikasema. "Hiki kingine ni feki."

Yule mwanamke aliniuliza kwa sauti ndogo, "Una uhakika, kaka?"

"Nina uhakika."

Baba mkubwa akamwambia aondoke kwa amani na asichezee misiba ya watu. Shangazi akamwita tapeli. Akakiacha kile kichwa kwenye mkeka, akasema kama si cha baba yake basi si chake, akatoka.

Wageni walipoondoka mama alinishika mkono jikoni akasema, "Umenisitiri, mwanangu." Kumbe alijua tangu siku baba anakitengeneza. Miaka yote hiyo alikuwa anakifuta vumbi na kunyamaza. Akaniambia siku nikilitoa hili nje, nimchimbie kaburi pembeni ya baba. Ana presha, na juzijuzi alipata kiharusi chepesi, kwa hiyo sichukulii kuwa ni maneno tu.

Najichukia. Ningeweza kusema kimoja alipewa na kingine alitengeneza, vyote vya baba, na ukweli ungetosha. Mimi niliulizwa habari za bati nikamnyima mtu baba yake.

Wiki tatu zilizopita nikafunga safari kwenda Usoke, kile kichwa nimekitia kwenye begi, nimrudishie na kukiri. Nilimkuta kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, anatundika majani. Aliacha kazi, akachinja kuku. Nilijua atanifukuza, na heri angenifukuza. Akaniambia, "Karibu, fundi." Hakuniita kaka tena. Akawaambia wanawe wanisalimie, mimi ndiye niliyemfumbua macho. Mwanawe wa mwisho alikuwa na jina la baba yetu, sasa wanamwita jina lingine.

Tukiwa tunakula akasema, "Mama yangu nilikuwa namwombea pumziko kila Jumapili. Siku hizi namwombea asamehewe uongo wake."

Mama wa watu hakudanganya hata neno moja. Nikala kuku wake, begi likiwa miguuni pangu, nikaaga, nikarudi nalo Tabora.

Ndugu zangu, nipeni akili maana yangu imegota. Niende Usoke nikaseme ukweli sasa, au nisubiri kwanza nimzike mama yangu, huku mwenzangu akiendelea kumwona wake mwongo kaburini?