Ijumaa Bila Supu

Nakumbuka Ijumaa moja ya Desemba, mwanangu, jiko la umeme la kazini lilipokufa asubuhi nami nikiwa ndiye mkubwa wa nyumba. Nilikuwa kijana wa Skärholmen, pembezoni mwa jiji, shahada bado mpya, nimeajiriwa na shirika dogo la Wayahudi hapa Stockholm lililowahudumia wazee wao. Mkurugenzi wetu, Rut, aliugua. Alhamisi alinikabidhi funguo akaniambia, "Kesho ni wewe." Maneno hayo yalininyima usingizi.

Kila Ijumaa wazee walikuja kuikaribisha Sabato pamoja: mishumaa, mkate, supu ya kuku. Wengi waliishi peke yao, na hiyo ndiyo meza pekee waliyokaa na watu wiki nzima. Na Desemba hapa, unajua mwenyewe, jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Kwa sheria yao, likishazama hakuna kupika tena.

Basi nikashika simu. Fundi akasema Jumatatu. Rabi akasema chakula cha hoteli hakiingii jikoni mle, maana si kosha, si halali kwao. Mwenyekiti wa bodi akasema ahirisha. Mjumbe mwingine akasema usithubutu. Nikampigia rabi tena. Kila jibu nililigeuza na kulitafutia kasoro. Ndivyo nilivyokuwa, hata viatu nilivinunua baada ya wiki nzima ya mashaka.

Mzee mmoja, jina lake Leo, alikuwa ameshafika, mapema kuliko wenzake wote kama kawaida yake. Alikaa mlangoni pa ofisi, koti mwilini, akinisikiliza.

"Binti," akasema, "Rut alikuachia funguo au alikuachia simu?"

"Natafuta ushauri, mzee."

"Ushauri umeshaupata. Sasa unatafuta wa kubeba lawama." Akatazama dirishani. "Mimi naweza kukungoja, nyumbani sina anayeningoja. Jua lile halina subira yangu."

Niliona haya, mwanangu. Lakini papo hapo nikamkumbuka mama yangu, kule Nyamira, Kenya. Sisi ni Wasabato. Kwetu Jumamosi moto wa kupikia haukuwashwa. Tulikula cha jana, kimepoa, na wageni walijaa mpaka uani. Sijawahi kumsikia mama akiomba radhi kwa chakula baridi.

Nikaweka simu chini, nikaingia jikoni.

"Tunakula baridi," nikawaambia waliokuja kujitolea. "Samaki wa chumvi, mkate, saladi, matango ya siki. Kimbieni duka la kosha kabla halijafungwa."

"Na supu?" akauliza Eva, mpishi wetu, kama mtu aliyefiwa.

"Supu wiki ijayo."

Mishumaa iliwashwa jua likiwa bado jekundu juu ya mapaa. Mzee Leo akachungulia sahani yake. "Afadhali! Miaka yote nimeinywa ile supu kwa adabu tu." Eva akamrushia taulo la jikoni, ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na kicheko kikageuka wimbo. Waliimba wakipiga meza. Nje giza totoro, ndani hakuna aliyetaka kuvaa koti. Hata mzee Leo alikuwa ameshalivua lake.

Jumatatu Rut alirudi. "Nasikia umefuta supu," akasema bila kutabasamu. Nikamnyooshea funguo. Akazisukuma kurudi kwangu. "Kaa nazo." Na alipostaafu, mimi, Mkisii wa Nyamira, ndiye bodi iliyemchagua kukalia kiti chake, na mzee Leo akapiga makofi kuliko wote.

Sasa nawe umepewa watu wa kuwaongoza, na kila nikikuuliza unanijibu kwa Kiswidi kwamba bado unafikiria. Fikiri, mwanangu. Waulize wanaojua, na uheshimu sheria ya nyumba uliyokabidhiwa hata kama si nyumba ya baba yako. Lakini fikra zako nazo ziwe na machweo. Yakifika, amua, beba ulichoamua, kisha keti ule na watu wako. Usiwanyime meza kwa sababu umekosa supu.

Mungu akutulize moyo kabla jua halijazama, na meza yako isikose watu kamwe.